Wayo wa Randa

Novemba, mjini Iisalmi. Saa tisa alasiri, giza limeshaingia,
na juu ya dari yangu kitu kinakwaruza:
kra, kra, kimya. Kra, kra, kimya.
Nikadhani panya. Lakini panya hapumziki kwa hesabu.

Nikapanda ngazi. Tellervo yuko jikoni,
miwani imemteleza puani,
na kile kioo cha kabati la nguo
alichozoea kujitazamia kabla ya kwaya
kimelala chali mezani, juu ya gazeti la juzi.
"Mlango wa sauna umevimba," akasema, kana kwamba nimeuliza.
"Haufungi tangu Veikko."
Sentensi akaikata hapo, kama ubao.

Roli ya msasa kainunua mwenyewe:
mita kumi, namba themanini, gundi mgongoni.
Unabandua ngozi ya nyuma kidogo kidogo,
upana wa vidole viwili, usipite,
huku unaisukuma hewa kwa ukingo wa rula,
maana gundi hii haijui samahani:
ukiilaza upande, imelala upande.

Kipande cha kwanza alikiharibu.
Kikafura katikati kama lengelenge la kisigino.
Akakipasha moto kwa kikausha nywele,
akakikwangua kwa kisu butu cha siagi,
akatoa neno moja fupi la Kifini, linalonguruma,
akaanza upya.

(Msasa, kabla haujawa karatasi, ulikuwa jani,
jani la mti, kali kama ulimi wa paka,
watu wakilisugulia bakora zao.
Wenye kalamu nao wakaliazima:
hotuba imepigwa msasa, insha imepigwa msasa,
na hawajawahi kukohoa vumbi lake.)

Randa ilikuwa ya Veikko. Chuma kizito, mpini umeng'aa
pale kiganja chake kilipokuwa kikikaa.
Pentti wa ng'ambo ya barabara alishamwambia:
tupa hiyo, mpya ni bei ya chakula cha mchana.
Tellervo akaigeuza tumbo juu,
akauchora wayo wake mistari ya penseli,
mistari ya kijinga, ya mtoto anayejifunza mvua,
kisha akauburuta juu ya kioo.
Kra, kra.
Akageuza tena, tukainama wote wawili.

Kioo kile hakikuonyesha tena uso wa mtu.
Kilionyesha mahali ambapo mistari imebaki.
Nyuma ya mdomo wa randa palikuwa na bonde,
refu, jembamba, kijivu cha penseli:
miaka arobaini ya mkono mmoja ukikandamiza.

"Utalijaza na nini?" nikauliza.
Akanitazama kama mtu aliyeingia na viatu.
"Bonde halijazwi. Vilivyobaki ndivyo hushuka."

Siku tatu alishusha.
Themanini, mia na ishirini, mia mbili na ishirini;
namba hairukwi, alisema, ukiiruka
mikwaruzo ya jana itakuaibisha kesho.
Vipande vilivyobaki hakuvitupa.
Kimoja kikaenda kwenye kijiti, cha kucha zake.
Viwili kwenye soli za buti zake,
maana barafu ya asubuhi ilishamwangusha Pentti
na viatu vyake vya bei, mbele ya posta,
naye Tellervo akampita, kra, kra, akimsalimu.

Jioni ya tatu lile bonde likawa limepungua,
likabaki doa la penseli, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.
Nikasema, bado kidogo tu, mara kumi hivi.
Akapangusa chuma kwa aproni, akakipaka mafuta.
"Mbele pamenyooka, mdomoni pamenyooka, kisiginoni pamenyooka.
Randa haihitaji zaidi ya hapo."
Doa akaliacha.

Usiku nikasikia maranda yakianguka sakafuni,
sauti kama mtu anayemenya kitu kitamu polepole.
Kisha mlango wa sauna: tik.
Nikausikia ukifunguliwa. Tena: tik.
Na tena.
Mara tano. Nilihesabu.